Pacquiao uzito nane, Crawford uzito tatu, nani zaidi?

mzee_wa_jabu: Wadau nitoeni tongotongo. Bondia Pacquiao kabeba ubingwa wa dunia wa ngumi uzito nane tofauti, kaanza uzito mdogo wa flai 1998 mpaka kumpiga Margarito 2010, na hakuna mwingine aliyefika hapo. Sasa mbona mnamuweka Crawford juu eti bingwa asiyepingika uzito tatu? Nane na tatu wapi na wapi?

kona_nyekundu: Mkuu unachanganya mambo. Kuitwa bingwa wa dunia mkanda mmoja unatosha, na vyama vikubwa viko vinne, WBA, WBC, IBF na WBO, kwa hiyo uzito mmoja unaweza ukawa na mabingwa wanne na kila mtu anatamba wa dunia ni yeye. Asiyepingika ni aliyebeba yote minne. Pacquiao hajawahi, hata uzito mmoja. Crawford kabeba kilo 63.5 alipomlaza Indongo 2017, kilo 66.7 kwa Spence 2023, halafu karuka mpaka kilo 76.2 kamshinda Canelo 2025. Mwanaume mwingine wa uzito tatu kwenye mikanda minne hayupo.

dadamasumbwi: Umesema mwanaume, afadhali 😂 maana Claressa Shields alishamtangulia, uzito wa midol 2019, uzito wa supa welta 2021, na Februari 2025 akamaliza uzito wa juu kabisa. Ila nyuzi za ngumi humu ni kama wanawake hawapigani vile

raundi12: Mi naona kuikusanya mikanda yote minne sio ishu, ishu kubaki nayo. Kila chama kina mpinzani wake wa lazima, yaani bondia unayetakiwa upigane naye, na kila chama kinataka asilimia yake kwenye malipo yako, sasa utapigana na wanne mara moja? Cheki Usyk wa uzito wa juu, kamshinda Fury Mei 2024 kawa asiyepingika, mwezi uliofuata tu mkanda wa IBF kauachia sababu alishasaini kurudiana na Fury badala ya kupigana na mpinzani wa IBF, Dubois akapewa ubingwa kwenye makaratasi. Ikabidi Usyk amfuate Wembley Julai 2025 akamzima raundi ya 5 ndo mkanda ukarudi. Ujinga mtupu

kona_nyekundu: Na Crawford mwenyewe mkanda wa IBF wa 2017 aliutema hata mwezi haujaisha.

mzee_wa_jabu: Kumbe. Ila Henry Armstrong 1938 alishika ubingwa wa uzito wa feza, laiti na welta kwa wakati mmoja, na enzi hizo madaraja yalikuwa nane tu, huyo mnamweka wapi?

dadamasumbwi: Huyo mwache, fungulia uzi wake