Je, kuna mbinu za akili zinazomsaidia mtu mzima kujifunza Kiingereza haraka?

Muuza Vipuri, Lubumbashi

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Nina umri wa miaka 38 na ninauza vipuri vya malori kando ya barabara iendayo Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Madereva wa Tanzania huzungumza nami Kiswahili, na wale wa Zambia tunaelewana kwa Kibemba, lakini na wale wa Zimbabwe na Afrika Kusini hatuna lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Nilikisoma shuleni, na nikipewa maandishi naelewa sehemu kubwa. Tatizo ni kinywa. Juma lililopita dereva mmoja aliingia akitaka "wheel bearing", yaani beringi ya gurudumu, kifaa ambacho sisi hapa tunakiita kwa Kifaransa "roulement". Kilikuwa kwenye rafu nyuma yangu, neno nalijua, bei naijua. Hata hivyo jasho lilinitoka, nikaanza kupanga sentensi kwa Kifaransa ili niigeuze, na kabla sijaimaliza dereva alikuwa amekwisha kuvuka barabara kwenda duka la pili.

Kuna kijana anayeniuzia sauti zilizorekodiwa, za kusikiliza usiku nikiwa nimelala, akiniahidi kwamba akili ya ndani itaipokea lugha yote kwa siku 30. Anataka dola 40. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama jambo hilo ni kweli, na kama si kweli, ni namna gani ya kuitumia akili inayomfaa mtu wa umri wangu.

Mwalimu Mstaafu, Katuba

Ndugu yangu, hizo dola 40 zibaki nyumbani kwako. Usingizi una kazi kubwa, ila si hiyo. Tangu mwaka 1924, watafiti Jenkins na Dallenbach walionyesha kwamba mtu aliyejifunza kitu kisha akalala husahau kidogo kuliko aliyekaa macho kwa muda uleule. Maana yake ni kwamba usingizi hutunza kile ulichokiingiza ukiwa macho. Lugha usiyoijua haitaingia kwa kuwa redio inalia kando ya mto wa kulalia. Kwa hiyo pitia maneno yako nusu saa kabla ya kulala, kisha uzime kila kitu upumzike.

Kuhusu kinywa kuganda, mtaalamu wa lugha Stephen Krashen aliandika mwaka 1982 kwamba hofu na aibu hufanya kazi kama chujio, hata lugha inayosikika isipenye vizuri. Wapo wanaoipinga sehemu ya nadharia yake, lakini katika miaka yangu ya darasani nimewaona wengi waliofaulu mitihani kwa alama nzuri na kushindwa kumsalimu mgeni mlangoni. Akili iliyoshughulika kuogopa kuchekwa haina nafasi ya kutafuta maneno. Wewe ulijiongezea mzigo wa pili, yaani kupitia Kifaransa kwanza. Acha kujenga sentensi mbele ya mteja. Shika vipande vizima kama vile "How many do you need?" (unahitaji ngapi?) na "Let me check" (ngoja niangalie), uvitamke kwa sauti nyumbani hadi vitoke bila kufikiriwa.

Halafu jiwekee mpango wenye sharti. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alieleza kwamba mtu anayeamua mapema "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi" hutimiza nia yake mara nyingi zaidi kuliko anayesema tu kwamba atajitahidi. Wako uwe huu: dereva mgeni akikanyaga kizingiti, nitamsalimu kwa Kiingereza kabla hajafungua kinywa. Ukianza wewe, hofu inakukuta tayari uko kazini.

Mama wa Mpakani, Kasumbalesa

Naunga mkono maneno ya Mwalimu, nami naongeza lililonisaidia katika biashara ya unga. Ninatafuta neno la Kiswahili linalofanana kwa sauti na la Kiingereza, kisha nayafunga mawili hayo kwa picha moja. "Owe" ni kudaiwa, na sauti yake iko karibu na "oa". Basi nilimwona bwana harusi amevaa suti mpya, na nyuma yake wakwe wamesimama na daftari la mahari ambayo hajaimaliza. Tangu siku hiyo neno hilo halijanipotea. "Kneel", yaani kupiga magoti, nililishika kwa kumwona mzee amepiga magoti kwenye ukingo wa mto Nili. Baadaye binti yangu anayesoma chuo aliniambia kwamba watafiti Atkinson na Raugh waliipima njia hii huko Marekani mwaka 1975, wakiwafundisha wanafunzi maneno ya Kirusi. Nilifurahi sana kusikia hivyo, kwa sababu mimi niliianza kwa kuhangaika peke yangu.

Fundi wa Kompyuta, Bukavu

Naomba nitofautiane kidogo na wakubwa zangu. Kuondoa hofu ni vyema, lakini mtu asiye na maneno atabaki bila la kusema hata akiwa jasiri. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipima usahaulifu wake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mapema sana, kisha upotevu hupungua kasi, na kurudia kwa kuachanisha siku hulinda kuliko kurudia mara nyingi kwa mkupuo mmoja. Kata kadi za karatasi, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na visanduku vichache. Kadi uliyoipata isogee kwenye sanduku linalofunguliwa baada ya siku nyingi zaidi. Uliyoikosa irudi kwenye la kila siku. Mpangilio huu ulienezwa na mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972. Na usisome tu kadi: jiulize kwanza, ujibu, ndipo ugeuze. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojipima walikumbuka zaidi baada ya juma moja kuliko waliosoma tena na tena.

Kifaransa chako usikidharau, kwani tangu Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza mwaka 1066 maelfu ya maneno yake yaliingia katika Kiingereza. Jihadhari tu na yanayodanganya, yaani yanayofanana na ya Kifaransa lakini yana maana nyingine: "library" ni maktaba, si duka la vitabu, na "actually" haina maana ya "sasa hivi".

Muuza Vipuri, Lubumbashi

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimekata kadi 20 kutoka katika maboksi ya vichujio vya mafuta, zote za bidhaa zilizo kwenye rafu yangu. Leo asubuhi dereva wa Zimbabwe aliingia nami nikamwahi kwa salamu. Aliuliza bei ya mkanda wa injini, nikajibu, ila aliposema haraka kwamba atarudi na mwenzake sikuelewa, nikanyamaza. Katika hali hiyo nifanye nini?

Mwalimu Mstaafu, Katuba

Hapo ongeza kadi ya 21: "Please say it slowly", yaani tafadhali sema polepole. Itamke mara kumi usiku huu kabla ya kulala, na kesho uitumie hata kwa dereva ambaye umemwelewa.