Mliotoka bara mkaenda kuona vidimbwi vya bahari, tupeane uzoefu

Mwana Kisumu (mwanzisha uzi): Wadau, habari za jioni. Sisi wa huku tumezoea maji yasiyohama. Ukiacha mtumbwi pale Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, jioni, asubuhi unakuta ziwa liko palepale. Kule Watamu, pwani ya Kenya, bahari inaondoka na kuacha mwamba wazi, kila shimo limebaki na maji yake na wakazi wake. Kuna wengi wanapanga safari ya Desemba, kwa hiyo tuwasaidie.

Naanza. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilitengwa mwaka 1968, na ndani yake uvuvi ni marufuku. Nilichuchumaa kando ya kidimbwi kisichozidi karai la kufulia. Mwanzoni niliona mchanga tu. Nikatulia, kivuli changu kikatulia pia, na kombe dogo likaanza kutembea: kaa aliyehamia kwenye nyumba ya konokono. Halafu kwenye ufa nikaona vikono vyembamba vyeusi vikipungapunga, vikiokota chakula majini. Yule ni jamaa wa kiti cha pweza (mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota), mwili wenyewe kaubana ndani ya jiwe. Nusu saa iliisha sijahama pale.

Mwalimu wa Kakamega: Siri yote ni saa. Tulipeleka watoto wa shule, na tuliyempigia simu kupanga safari alituambia tuje wakati wowote. Tulikuta maji yamejaa, mwamba hauonekani. Watoto walivunjika moyo sana. Mzee mmoja mvuvi akatufunza: nendeni siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Wakati huo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na pwani yetu hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku saa hiyo husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayatoki sana, utaona kidogo tu. Ingieni mwambani maji yangali yanatoka. Yakigeuka, geukeni nayo, kwa sababu hujaa kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yenu.

Dereva wa Nakuru: Viatu jamani! Raba nzee zenye soli ngumu, siyo patipati. Shemeji yangu alikanyaga yule mnyama wa duara mwenye miiba mirefu myeusi, ikamkatikia kisiginoni. Vijana wa mashua walimpaka utomvu wa papai bichi, akapata nafuu, lakini siku mbili zilizofuata alikaa chini ya mwarobaini akitutazama tukienda.

Mama wa Bungoma: Naongeza la usalama. Usiokote konokono mwenye umbo la pia, hata awe na madoadoa ya kupendeza namna gani. Wengine wana mwiba wa sumu, na wapo wanaoweza kuua mtu. Na kombe tupu liacheni. Kaa aliyemtaja Mwana Kisumu hana nyumba yake mwenyewe, akikua lazima atafute kombe kubwa zaidi. Tena kuchukua makombe ndani ya hifadhi ni kosa.

Nyar Dunga: Mimi ni mtoto wa wavuvi, samaki nimewaona tangu utotoni, ila pweza alinishangaza. Kiongozi wetu alinyoosha kidole kwenye jiwe la kahawia nami nikaona jiwe. Jiwe likafumbua jicho. Likageuka jeupe, likapata vinundu, likamiminika kwenye tundu ambalo ngumi yangu isingepita. Mnyama yule ana mioyo mitatu na hana mfupa hata mmoja. Nawasihi msiwachokoe kwa fimbo ili mpate picha, wanateseka.

Baba wawili, Kisii: Watoto wa miaka minne wanaweza? Na langoni unalipa vipi?

Mwana Kisumu: Wanaweza, baba, ukimshika mkono, maana mwani unateleza. Umvalishe kofia na shati la mikono mirefu, jua la saa tano mwambani ni kali kuliko la Kondele. Malipo ya KWS (shirika la wanyamapori) hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, fanyeni kabla hamjatoka hotelini. Kiongozi mtafuteni miongoni mwa wenyeji, anajua tundu gani lina nini. Aliyefika hifadhi ya bahari ya Kisite, pwani ya kusini, kupitia Shimoni atuambie kwa upande wake.