Tambi za pakiti, maharage ya kopo au samaki wa kopo: kipi kinastahili fedha yetu?

Mpangaji wa Ubungo

Salaam kwenu nyote. Ninaishi katika hosteli isiyoruhusu kupika, kwa hiyo chombo changu pekee cha moto ni jagi la umeme. Kwa wiki sita zilizopita chakula changu cha jioni kimetoka kwenye pakiti na makopo, na badala ya kununua kwa mazoea nimekuwa nikiandika nilichokula, fedha niliyotoa na saa niliyoanza kuhisi njaa tena. Vitu nilivyolinganisha ni vinne: tambi za pakiti za gramu 70, ambazo wengi wetu huziita Indomie hata zikiwa za kampuni nyingine, tambi za kikombe, maharage mekundu ya kopo la gramu 400, yaliyohifadhiwa katika maji ya chumvi, na samaki wa kopo dogo la gramu 155 katika mchuzi wa nyanya, ambao niliwala kwa mkate.

Kwa ladha pekee, samaki wanaongoza. Mchuzi wao una uchachu wa nyanya unaoingia vizuri kwenye mkate, na mtu hahitaji kuongeza chochote isipokuwa pilipili. Tambi za pakiti hupendeza sana katika vijiko vitano vya kwanza, kisha ulimi huchoka, kwa sababu ladha yote imo katika kile kipakiti cha viungo na tambi zenyewe hazina ladha ya kujitegemea. Nilijaribu kutia nusu ya viungo, nikabaki na kitu kinachofanana na unga uliolowa. Maharage ya kopo ni laini mno na yamepooza. Ilinibidi niyachuje, niyasuuze kwa maji ya moto, kisha niyatie ndimu, kitunguu na chumvi kidogo ndipo yakawa chakula.

Kwa njaa, mpangilio unageuka. Nikila pakiti moja ya tambi saa moja jioni, saa nne natafuta kitu kingine. Maharage hunifikisha asubuhi. Lakini katika maduka ninayonunua, kopo moja la maharage lina bei ya pakiti tatu na nusu za tambi, na kopo la samaki halipishani nalo sana. Tambi za kikombe nimeziweka mwisho bila kusita: uzito wake ni karibu sawa na wa pakiti, bei yake kwangu ni mara tatu, na ziada yote hiyo ni malipo ya kikombe ninachokitupa.

Ninaomba maoni yenu kuhusu kipimo hiki, na pia nina swali. Je, naweza kuacha ya kopo na kulaza maharage makavu usiku kucha katika chupa ya chai yenye maji ya moto, ili yaive yenyewe?

Muuguzi wa Zamu

Ndugu yangu, nalianza hilo la mwisho kwa sababu ndilo la hatari. Tafadhali usifanye hivyo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibika tu yakitokota kwa nguvu kwa dakika kumi au zaidi. Maji yaliyomo ndani ya chupa ya chai hupungua joto mara tu unapoyamimina, na maharage yanaweza kulainika yakaonekana yameiva ilhali sumu bado imo. Matokeo yake ni kutapika na kuharisha vibaya ndani ya saa chache. Maharage ya kopo yamekwisha kupikwa kiwandani kwa joto kali, kwa hiyo hayo unaweza kuyala hata bila kuyapasha. Sehemu ya bei unayoilalamikia ni bei ya usalama huo.

Jambo la pili ni chumvi. Pakiti ya tambi niliyo nayo mkononi imeandikwa sodiamu miligramu 900. Ukizidisha kwa 2.5 unapata chumvi, yaani gramu 2 na robo, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku nzima. Mlo mmoja usioshibisha umekwisha kula karibu nusu ya kiwango hicho. Kusuuza maharage, kama ulivyofanya, hupunguza chumvi yake kwa kiasi kizuri, lakini tambi haziwezi kusuuzwa namna hiyo zikabaki na ladha.

Binti wa Nyali

Kaka, nadhani umezionea tambi. Sisi wa pwani tambi tunazozijua tangu utotoni ni zile nyembamba za kupikwa kwa nazi, sukari na iliki, zikawekwa kwenye futari wakati wa Ramadhani, na hakuna anayetarajia tambi zile zijitegemee kwa ladha. Tambi ni chombo cha kubebea kitu kingine. Hizi za pakiti nazo zihukumiwe hivyo hivyo.

Jaribu hivi: vunja tambi ndani ya bakuli, mimina maji ya moto yanayozifunika tu, funika kwa sahani kwa dakika nne, kisha mwaga maji karibu yote. Tia theluthi moja ya viungo, vijiko viwili vya tui la pakiti, ndimu na pilipili. Utaona kwamba viungo kidogo vinatosha, kwa sababu havichanganywi tena na nusu lita ya maji. Juu yake weka yai la kuchemsha la wale vijana wanaouza barabarani pamoja na kachumbari. Hapo umekula mlo, na bei yake bado haijafikia kopo la maharagwe.

Ila nakubaliana nawe kuhusu vikombe. Mimi huvinunua nikiwa safarini tu, mahali ambapo sina bakuli.

Mhasibu wa Nyumbani

Ningependa tuangalie protini, kwa kuwa watu wengi hudhani kopo lazima lishinde. Kopo la maharage la gramu 400 likichujwa hubaki na maharage gramu 240 hivi, ambayo hutoa protini ya gramu 16 au zaidi kidogo. Pakiti ya tambi ya gramu 70 hutoa gramu 6 au 7. Kwa hiyo pakiti mbili na nusu hulingana na kopo moja, na kwa bei alizotaja mwenye mada, tambi bado ni nafuu. Nilishangaa nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza. Kinachoiharibu ni pale alipogusa dada Muuguzi: pakiti mbili na nusu zenye viungo vyote zingempa mtu chumvi inayozidi gramu 5 kwa mlo mmoja, pamoja na mafuta, maana tambi hizi hukaangwa kiwandani, na mafuta huchukua takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Kukaangwa huko ndiko kunakoziachia vitundu vidogo vinavyopitisha maji ya moto haraka.

Inafaa kukumbuka pia kwamba hazikuanza kama chakula cha wanyonge. Momofuku Ando alipozitoa Japani mwaka 1958, pakiti moja iliuzwa yeni 35, wakati tambi mbichi za kawaida zilipatikana kwa yeni 6 hivi. Wanunuzi walilipia muda waliouokoa, na ndicho tunacholipia sisi leo katika kopo: kilo moja ya maharage makavu, ikiiva, hujaza makopo manane hadi kumi, lakini inataka jiko na saa nyingi za moto.

Mpangaji wa Ubungo

Dada Muuguzi, nakushukuru kwa dhati. Nilikuwa nimekwisha kununua nusu kilo ya mekundu, nitaipeleka nyumbani. Kuhusu samaki, kuna mwenye uzoefu na kopo kubwa la gramu 425? Kwa gramu naona ni nafuu zaidi.

Baharia wa Tanga

Ni nafuu, mwanangu, ikiwa mko wawili. Bila friji usilihifadhi hadi kesho, na hata ukiwa na friji, hamishia kilichobaki kwenye chombo kingine chenye kifuniko. Nimekula samaki wa kopo melini kwa miaka mingi, na makosa ninayoyaona kwa vijana ni mawili. La kwanza ni kutoa mifupa. Imelainika kwa joto la kiwandani, inatafunika, na ndiyo yenye madini ya kalsiamu uliyoyalipia. La pili ni kutosoma uzito baada ya kuchuja: makopo mawili ya gramu 155 yanaweza kulingana kwa bei, moja likiwa na samaki watatu na jingine wawili wakiogelea katika mchuzi. Kopo lililovimba liache dukani, hata ukipunguziwa bei.

Mpangaji wa Ubungo

Shikamoo, mzee wangu, na ahsante. Nimesoma makopo matatu dukani jioni hii, na kweli tofauti ya samaki waliomo ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Nimejaribu pia njia ya Binti wa Nyali, bila tui kwa kuwa sikulipata, na badala ya yai nikatia nusu kopo la maharage yaliyosuuzwa. Theluthi ya viungo ilitosha tambi na maharage kwa pamoja, na upooza wa maharage niliouandika juu umepotea kabisa. Nusu iliyobaki amekula jirani yangu wa chumba, naye amechangia nusu ya bei. Nimekula saa moja na robo. Sasa ni saa tano na dakika ishirini, na sijasikia njaa. Kwa hiyo kwenye orodha yangu nimefuta mstari wa tambi peke yake na mstari wa maharage peke yake, nikaandika mmoja wa pamoja, juu ya samaki.

Binti wa Nyali

Tui ukilikosa, karanga za kusaga kijiko kimoja zinafaa pia. Zitie kabla tambi hazijapoa, la sivyo zitagandamana.