Wakuu, naombeni ushauri: nijiunge na mafunzo ya ninja?

Kimya_wa_Temeke: Habari za jioni wakuu. Nimepata mwalimu anayefundisha mbinu za ninja. Anasema ukoo wa walimu wake ni wa Iga, Japani, na siri zimerithishwa bila kukatika tangu enzi za makabaila. Mafunzo ni miezi sita. Siku ya pili leo sipati usingizi.

MamaTandika: Mwanangu, unafanya kazi gani?

Kidole_Gumba: Mimi mwaka 1994 nilisoma karate. Kidole hiki hakikunji hadi leo, mvua ikikaribia kinauma.

Msoma_Zamani: Iga ipo kweli, sasa ni sehemu ya mkoa wa Mie. Lakini mwaka 1581 mbabe wa vita Oda Nobunaga aliivamia akaiteketeza, waliopona wakatawanyika. Baadaye watu wa Iga waliajiriwa na mbabe mwingine, Tokugawa Ieyasu, wengine wakalinda ngome ya Edo, Tokyo ya leo. Kitabu chao maarufu, Bansenshukai, kimeandikwa 1676, vita vimeshakwisha. Shinobi, yaani ninja, alikuwa jasusi: anajifanya mtawa au mchuuzi, anaingia ngomeni, anahesabu askari, anachoma ghala. Zile nguo nyeusi zimeenezwa na michoro na maigizo ya kabuki. Jasusi wa kweli alivaa kama jirani yako. Huyo mwalimu anavaa nini?

Kimya_wa_Temeke: Nyeusi, hadi usoni. Ila ana cheti.

MamaTandika: Hujanijibu. Na umeshalipa?

Kimya_wa_Temeke: Nusu tu, laki nne. Niliuza pikipiki. Nikihitimu nitafundisha wengine, hela inarudi.

Boda_Mbagala: Pikipiki yako?

Kimya_wa_Temeke: Ya mkataba. Zimebaki wiki kumi na moja.

MamaTandika: Yallah! Mali ya watu!

Boda_Mbagala: Hii chai. Ya mkataba kadi anakaa nayo tajiri. Umeuzaje bila kadi, tena kwa laki nne?

Kimya_wa_Temeke: Nimeiweka rehani kwa jirani. Nimeandika "niliuza" kwa haraka. Tajiri ni shemeji yangu, hajui.

Boda_Mbagala: Chai imepoa sasa. Jumapili ulipeleka hesabu ya nini?

Msoma_Zamani: Mwacheni ajibu. Mdogo wangu, hiyo nusu ya pili usitoe. Kaidai ya kwanza kesho asubuhi, ukakomboe chombo.

Kimya_wa_Temeke: Shemeji anapiga simu sasa hivi. Nipokee?