Tupeane uzoefu: kuhojiwa uraia Tanga, na nani akae upande wa pili wa meza

Ngamiani Kati: Wadau, uzi huu ni wa wajukuu wa manamba (vibarua walioletwa kutoka mbali kwenye mashamba ya mkonge), Wamakonde wa mashambani, watu wa Horohoro wenye ndugu Kenya, na kila anayeambiwa "wewe si wa hapa". Mtu anakwama wapi? Tuwekeane mambo ya kazi, vilio baadaye.

Muhuri wa Mtaa: Wanakwama kwa wazazi. Fomu ya NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, inauliza alikozaliwa baba na mama, na afisa uhamiaji akitilia shaka anarudi mpaka kwa babu. Ukoo wa mkonge hukatikia hapo. Babu aliletwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyoanza 1944, akitokea Songea, Msumbiji au Ruanda-Urundi. Karatasi yake ilikuwa kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, basi. Mtoto kazaliwa kambini kwa mkunga. Mjukuu naye anaandika Muheza kwenye fomu hii, Korogwe kwenye ile. Baba ni Athumani huku, Asumani kule. Afisa hamwoni manamba hapo, anaona mtu anayeficha. Kwa hiyo kabla ya kushika fomu, tandaza kila ulicho nacho: cheti cha kuzaliwa, cha darasa la saba, kadi ya kliniki, kadi ya mpiga kura. Linganisha herufi kwa herufi. Palipopishana, nenda kwa wakili ukaape.

Binti Chumbageni: Herufi hizo! Kweli tupu.

Mzee wa Tongoni: Na vidole. Mkata mkonge wa miaka mingi alama hazisomi. Apake mafuta usiku kwa wiki nzima, siku ya kwenda anawe akaushe.

Kiboko Pangani: Mnazunguka tu. Wawekeni wa kwao mezani, Mmakonde amhoji Mmakonde.

Muhuri wa Mtaa: Wa kwao ndiye mkali kuliko wote, anaogopa kuambiwa kapendelea.

Kiboko Pangani: Na mwenye tajnisi, uraia wa kuomba, hagombei chochote.

Muhuri wa Mtaa: Usipotoshe watu. Katiba inataka raia wa kuzaliwa kwa urais na umakamu. Ubunge, ibara ya 67, ni raia mwenye miaka 21 anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Kazi ni kuipata hiyo tajnisi: miezi 12 mfululizo nchini, na kabla yake jumla ya miaka 7 ndani ya 10.

Mwambao: Hoja ya "wa kwao mezani" ndiyo kesi ya kura tatu, jamani! 1958 kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. TANU, chama cha kudai uhuru, ilikaribia kupasuka mkutanoni Tabora kwa kubishania kura hizo, Zuberi Mtemvu akajitoa akaunda chama chake. Na kwa kura hizohizo akaingia Baraza la Kutunga Sheria Sophia Mustafa, Mwasia mzaliwa wa India, kwa kura za Waafrika wa kaskazini.

Binti Chumbageni: Loo! Mwanamke?

Kiboko Pangani: Basi turudishe viti vya makabila?

Mwambao: Nani kasema viti? Soma tena, kaka.

Ngamiani Kati: Uzi umetekwa. Na Wazigua wa Chogo, Handeni, waliotoka Somalia?

Mwambao: Walikuja na Kizigua chao kinywani, na bado ilibidi wapitie tajnisi.

Binti Chumbageni: Mama akiwa marehemu, nani anaapa kuhusu kuzaliwa kwako?

Mzee wa Tongoni: Mjomba au shangazi aliyekuzidi umri. Rafiki yako wa kijiweni asijaribu.