Mgeni wa koili za Tesla: nimepata transfoma ya maikrowevu, nianze vipi?

mwanagenzi_kayole

Habari zenu wakubwa. Nina miaka 19, naishi Kayole na mama, nyumba ya kupanga, orofa ya tatu. Nikiwa kidato cha pili niliona koili ya Tesla, yaani waya uliozungushwa kwenye bomba ukatoa umeme wa volti nyingi sana, ikirusha cheche za zambarau kwenye maonyesho ya sayansi, na tangu siku hiyo haijanitoka akilini.

Wiki jana nilinunua transfoma ya maikrowevu kwa muuza vyuma chakavu kwa shilingi 400. Ni nzito kama tofali. Nataka kuichomeka Jumapili mama akiwa kanisani, nione inatoa cheche kiasi gani, halafu nijenge koili kutoka hapo. Je, nikivaa viatu vya raba niko salama? Na kuna watu wa mambo haya hapa Nairobi ama niko peke yangu?

FundiWaKariobangi

Karibu sana, kijana wangu. Hauko peke yako, tupo.

Lakini hiyo transfoma usiichomeke. Jumapili usiichomeke, na siku nyingine yoyote usiichomeke kwa sasa. Kata waya wake wa plagi leo, kisha urudi hapa uendelee kusoma.

Nakueleza sababu, maana nikikukataza bila sababu nitakuwa nimekufukuza. Stima ya nyumbani ni volti 240. Hiyo transfoma huipandisha hadi volti 2,000 hivi, na nguvu inayotoa si ya mchezo: inaweza kusukuma nusu ampea na zaidi. Moyo wa mtu husimamishwa na sehemu ndogo sana ya hiyo. Viatu vya raba havikusaidii, kwa sababu umeme hauhitaji kupitia miguuni. Upande mmoja wa waya wa volti nyingi kwa kawaida umefungwa kwenye chuma cha transfoma yenyewe, kwa hiyo mkono mmoja ukiwa kwenye chuma na mwingine kwenye waya, njia ni kifua chako. Na swichi kuu ya nyumba haitaruka kukuokoa. Kwake wewe ni mzigo kama pasi iliyowashwa tu.

Mimi hutengeneza TV na maikrowevu. Nilipokuwa na miaka 26 nilifungua maikrowevu iliyochomolewa tangu asubuhi, nikaingiza mkono kusogeza klipu. Kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme ndani, ilikuwa bado imeshika chaji. Mkono ulirushwa ukagonga ukuta, na mpaka leo nina alama mbili nyeupe, moja kwenye gumba na moja kwenye kidole cha shahada. Hiyo ilikuwa kapasita peke yake, plagi iko chini. Mteja alikuwa amekaa hapo mbele yangu na hakujua kilichotokea, nami sikuweza kusema neno kwa dakika nzima.

Sasa tuje kwenye raha yenyewe. Anza na koili ya transista moja (kipande kidogo kinachowasha na kuzima umeme haraka sana), ya volti 12. Tafuta bomba la PVC la milimita 50, kipande cha sentimita 30 hivi. Nenda kwa mafundi wanaofunga mota upya, uwaombe waya wa shaba wa milimita 0.25 wenye vanishi. Wanauza kwa kupima uzito, na wewe unahitaji gramu 60 au 70 tu. Transista TIP31C, resista ya kilo-omu 22 na LED moja utapata Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa mjini, na kwa wauzaji wa pale TIP31C si kitu cha kutafuta. Usisahau kipande cha alumini cha kupoza transista, itachemka.

Kazi yenyewe ni kuzungusha. Mizunguko 900, mmoja kando ya mwingine, bila kupandana na bila kuacha mwanya. Kaa mahali penye mwanga, bomba mapajani, waya upite kati ya vidole viwili vilivyoshika kitambaa kikavu. Kila ukimaliza mizunguko 100 bandika selotepu, maana ukiachilia kidogo tu inafumuka yote. Utasikia kwa kidole pale ulipopandisha kabla hujaona kwa jicho. Mimi hunichukua saa mbili, na hapo ndipo koili inakuwa yako. Ukimaliza paka vanishi, acha ikauke usiku kucha.

Koili ya msingi ni mizunguko minne ya waya mnene kuzunguka chini ya bomba. Washa, sogeza tyubu ya taa, itawaka mkononi mwako bila kuunganishwa na kitu. Nikola Tesla alionyesha taa zikiwaka hivyo mwaka wa 1891, na bado mtu akiona mara ya kwanza hunyamaza.

dada_wa_zimmerman

Karibu, mdogo wangu. Msikilize Fundi.

Naongeza kutoka kwa sisi tunaokaa kwenye fleti. Ukiwasha na isiwake, usidhani umeharibu: badilisha ncha mbili za koili ya msingi, ya juu iwe ya chini. Yangu ya kwanza ilikaa wiki nzima kimya kwa sababu hiyo tu.

Koili ya vipimo hivyo hutetema ndani ya masafa ya redio ya AM. Weka redio ndogo ya AM kando, ikinguruma ujue koili inafanya kazi. Lakini jirani yangu mzee husikiliza AM jioni, kwa hiyo mimi huwasha mchana, dakika chache, baada ya kumwambia. Simu na laptopu ziweke chumba kingine.

Halafu usiguse cheche hata zikiwa ndogo. Watu watakwambia haziumi. Ni kweli huenda usisikie uchungu, kwa sababu neva hazishiki umeme wa masafa ya juu hivyo, lakini ngozi inaungua vilevile. Nina kishimo cheusi kidoleni cha ushahidi. Na fungua dirisha, ile harufu kali ni ozoni, si nzuri kifuani.

mwanagenzi_kayole

Asanteni sana. Nimekata plagi jana, mama akaniona akauliza, nikamsomea maneno ya Fundi. Sasa ameihifadhi transfoma chini ya kitanda chake.

Nimeanza kuzungusha. Nilifika 340, waya ukakatika. Nianze upya?

FundiWaKariobangi

Msalimie mama, mwambie nimemshukuru.

Usianze upya. Kwangua vanishi ncha zote mbili kwa wembe hadi shaba ing'ae, zisokote, chomea kwa risasi ya kulehemu kidogo, kiungo kiwe chembamba. Paka vanishi, endelea kutoka 341. Koili yangu ya pili ina viungo vitatu na bado inawaka.

Ukifika 900 usiiwashe peke yako. Njoo nayo Jumamosi, nafungua saa tatu asubuhi. Betri ya volti 12 ninayo, tyubu ninayo. Uje na mama kama atapenda, kuna kiti.