Mjadala: Kazi aliyoijia Yesu, nani aifanye hapa kwetu?

Mleta mada (Mbeya mjini)

Bwana Yesu asifiwe. Naleta hoja hii nikijua baadhi ya wazee wangu haitawapendeza.

Kiangazi kimeshika, mahindi yanaingia ghalani, na huku kwetu huo ndio msimu wa mikutano ya injili. Mkutano wa washarika wetu juzi ulikula mchana karibu wote kwenye bajeti: jukwaa, vyombo vya muziki, jenereta, nauli na malazi ya mhubiri mgeni. Mama mmoja akauliza, je, watakaookoka wiki hiyo nani atawatembelea? Mzee mmoja akasimama, akasema sisi tukishachanga wajibu wetu umekwisha, maana wengine wameitwa kuhubiri na wengine kuwezesha. Makofi yakapigwa, tukafunga kwa sala.

Mimi nasema makofi yale hayakustahili. Yesu hakutuacha tukisie alichokuja kufanya. Pale Nazareti alipewa chuo cha nabii Isaya, akasoma mbele ya watu waliomjua tangu utoto: kuwahubiri maskini habari njema, wafungwa kufunguliwa, vipofu kuona, waliosetwa kuachwa huru. Akafunga chuo, akasema andiko hilo limetimia leo. Baadaye, nyumbani kwa Zakayo, akaongeza kwamba amekuja kutafuta na kuokoa kilichopotea. Na jioni ya kufufuka kwake akawaambia wanafunzi kwamba kama Baba alivyomtuma yeye, naye anawatuma wao. Sijaona mahali alipowagawa mafungu mawili, hawa waende na hawa walipe nauli.

Karibuni. Mwenye andiko alete andiko, na mwenye uzoefu alete uzoefu.

Mwinjilisti, Iringa

Kamwene, ndugu yangu. Hujaona hayo mafungu kwa sababu umeruka Luka 8. Pale wametajwa Mariamu Magdalene, Yoana mkewe Kuza wakili wa Herode, Susana, na wengine wengi waliomhudumia Yesu kwa mali zao. Paulo naye anawashukuru Wafilipi kwa kumtumia mahitaji yake. Kutoa ni kushiriki, usiwavunje moyo watoaji wetu. Mkulima wa nyanya kule Ilula anayeleta debe zake ziuzwe ili injili ihubiriwe, huyo naye ametumwa.

La pili ni zito zaidi. Soma Marko 1. Kapernaumu yote ilikuwa ikimtafuta aponye, Simoni akamfuata porini alikokuwa akiomba. Alisema nini? Twendeni vijiji vya jirani nikahubiri huko nako, maana kwa hiyo nalitokea. Wagonjwa walikuwepo, mahitaji yalikuwepo, akaondoka. Ninaogopa siku tutakapoligeuza kanisa kuwa shirika la misaada lenye kwaya.

Nesi, Njombe

Shikamoo mwinjilisti. Hilo la shirika la misaada ninalisikia kila mara, na kila mara linasemwa na mtu asiyekuja kliniki.

Niko kwenye kliniki ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba Iringa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe ni takribani nusu, wakati nchi nzima ni kama asilimia 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha Dar es Salaam! Viazi vipo, maharage yapo, maziwa yapo, parachichi zinapakiwa kwenda nje. Ila maziwa yanauzwa yote, mama anatoka alfajiri kwenda shamba la mbali, na mtoto anaachiwa uji wa mahindi mtupu, anayemlisha ni dada yake ambaye mwenyewe ni mtoto. Akina mama hawa wengi ni washirika wetu, wamebatizwa, wanaimba kwaya. Ongeza na VVU, ambavyo Njombe, Iringa na Mbeya tunaongoza navyo kwa miaka mingi sasa, na wajane na bibi wanaolea wajukuu watatu, wanne.

Sasa mniambie, kumwonyesha jirani yako namna ya kusaga karanga au dagaa kwenye uji wa mtoto kunahitaji jukwaa gani? Kumbebea mjane kuni wiki anayoumwa kunahitaji upako wa aina gani? Yakobo alimcheka mtu anayemwambia mwenye njaa nenda kwa amani ukashibe. Mimi naombea watu wakiwa kitandani, tena nawaambia habari za Yesu waziwazi wakitaka kusikia, na sijawahi kuona kazi hizo mbili zikigombana.

Dereva, Tunduma

Mimi niliokolewa kwenye mkutano wa spika, hapa hapa Tunduma, nikiwa kwenye foleni ya malori ya kuvuka mpaka. Nilikuwa baa. Nyumba kwa nyumba ingenikuta wapi? Sina nyumba, nina lori. Msiidharau mikutano.

Katekista, Iringa vijijini

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki swali hili lilipata jibu la utaratibu mwaka 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki walipofanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele: majirani wachache, nyumbani kwa mmoja wao kila wiki, wasome Injili, kisha waulizane nani mgonjwa na nani amefiwa. Mlei hasubiri padre. Padre wetu ana vigango vingi, akija mara moja kwa mwezi tunashukuru.

Nisiwadanganye lakini. Kuna jumuiya ambako wanaume hawaonekani mpaka mtoto anapotaka kubatizwa na barua ya mwenyekiti inahitajika. Siku hiyo utawaona wamevaa koti. Utaratibu mzuri hauzai mtume.

Mleta mada

Nimesoma yote. Dereva, ndugu yangu, nakusalimu kwa heshima, na ushuhuda wako siubishii hata kidogo. Ila nikuulize: baada ya siku ile nani alikushika mkono?

Mwinjilisti, nianze na Yoana. Alitoa mali zake, kweli. Endelea kusoma lakini. Luka 8 inasema wanawake hao walikuwa pamoja naye, wakitembea kutoka mji hadi mji. Ukifika sura ya 24, Yoana yumo kwa jina kati ya waliokwenda kaburini alfajiri na kurudi kuwaambia mitume. Mitume hawakuamini, wakaona ni upuuzi. Basi huyo unayemleta kama mfano wa kuwezesha ndiye miongoni mwa wahubiri wa kwanza wa ufufuo. Alitoa, akaenda, akasema.

Tena sisi Wamoraviani tunashangaza tukisema kuhubiri kuna wenyewe. Mwaka 1732 Herrnhut, kijiji cha Wamoraviani kule Ujerumani, ilipotuma watu wake wa kwanza kwenda St. Thomas, Karibi, kwa watumwa wa mashamba ya miwa, haikutuma maprofesa. Leonhard Dober alikuwa mfinyanzi, David Nitschmann seremala, na walitazamiwa kujilisha kwa mikono yao. Misheni yetu ya Rungwe ilipoanzishwa mwaka 1891 mbegu ilikuwa ile ile. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Waingereza waliposhika nyanda hizi, wamishenari Wajerumani waliondolewa, wetu na wale wa Misheni ya Berlin waliokuwa Ukinga na Ubena, na hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, kutoka Malawi ya leo, walisaidia baadaye, lakini walikuwa wachache mno kwa eneo kubwa namna hii. Nani aliyefundisha katekisimu, akazika, akaombea wagonjwa, akasuluhisha wana ndoa? Walimu na wazee wenyeji, na mama zao na wake zao, bila mshahara wa uhakika na bila mgeni wa kumkodia gari. Wangesema wajibu wetu ni kuchanga tu, leo tungekuwa tunabishania kanisa lipi?

Mwinjilisti, Iringa

Yoana nakuachia. Historia nayo nimeisikia, ingawa walimu wale walihubiri, hawakugawa unga. Marko 1 hujaigusa.

Nesi, Njombe

Waligawa pia, mwinjilisti. Muulize bibi yeyote mzee wa Kibena njaa ilikuwa inapitishwaje bila jirani.

Mleta mada

Marko 1 sawa. Jioni ya kuamkia asubuhi ile, jua lilipokwisha kuchwa, mji wote ulikuwa mlangoni kwa Simoni, na Yesu akawaponya wengi. Hakuwaruka kwenda kuhubiri, alianza nao. Alipoondoka, mstari wa 39 unasema alihubiri na kutoa pepo, na unaofuata tu ni mkoma, ambaye alimgusa kwa mkono. Halafu sura ya 2 inafunguka akiwa amerudi Kapernaumu baada ya siku kadhaa, na ikasikika kwamba yumo nyumbani. Mhubiri wetu wa mwaka juzi hatujamwona tena.

Dereva, Tunduma

Umeniuliza nani alinishika mkono. Mama muuza chai pale stendi. Alikuwa ananiwekea kikombe kila nikipita, anauliza nimesoma wapi kwenye Biblia, na nisipokuwa nimesoma ananisemea. Mhubiri jina lake silikumbuki.

Mwinjilisti, Iringa

Haya. Lakini mkutano usifutwe.

Mleta mada

Sijasema ufutwe. Kikao kikirudi nitapendekeza jambo moja: majina ya watakaotembelea nyumba kwa nyumba, na ya atakayekwenda stendi, yaandikwe kwenye karatasi kabla ya jina la mhubiri. Tukikosa majina hayo, fedha ya jukwaa ikae kwanza.